Hapa ni Wapi? Historia Fupi ya Jinsi Programu Inavyotambua Skrini Yake Katika Mtandao wa Kompyuta

Utangulizi

Katika kurasa hizi tumezoea kujadili sarufi, fasihi na istilahi. Safari hii tunaomba ruhusa tuingie katika maabara ya kompyuta, ingawa hatutakwenda mbali sana na darasa la Kiswahili, kama itakavyoonekana.

Mwaka 2006 tulikuwa tukisomea shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha kanda hii. Kazi yetu ilikuwa kunakili mahojiano tuliyofanya na wazee wa kijiji fulani. Wazee hao walitueleza habari za ardhi na za koo zao kwa sharti moja: majina yao yasijulikane. Programu ya kuandikia haikuwamo katika kompyuta tuliyoikalia. Ilikuwamo katika kompyuta kubwa iliyofungiwa chumba cha pili, nasi tuliifikia kwa mtandao. Ukutani palibandikwa karatasi ya maelekezo. Tuliyafuata neno kwa neno, tukaamuru programu ifungue faili letu, tukangoja. Hapakutokea kitu. Tukarudia tena. Baada ya muda mfupi mwanafunzi mwenzetu aliyekaa upande wa pili wa chumba akauliza kwa sauti, "Jamani, hii kazi ni ya nani?" Kisha, ili mwenye kazi aitambue, akasoma jina la mzee na jina la kijiji chake.

Waraka wetu ulikuwa umefunguka kwenye skrini yake, tena mara mbili. Karatasi ya ukutani ilikuwa imetoa mfano wa kompyuta namba 7. Sisi tuliketi kwenye kompyuta namba 4, tukaunakili mfano kama ulivyo. Walimu tunaowakanya wanafunzi kila siku wasinakili mifano!

Tangu siku hiyo swali moja limetukaa moyoni. Programu inapoendeshwa katika kompyuta moja na mtumiaji ameketi mbele ya kompyuta nyingine, programu hiyo inajuaje mahali pa kufungua dirisha lake? Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kufuata historia yake. Hoja yetu ni kwamba historia hiyo, tangu mwaka 1984 hadi leo, ni historia ya kuhangaika na neno moja ambalo mwalimu wa Kiswahili analifahamu vizuri, yaani neno "hapa".

Tatizo la neno "hapa"

Tunapofundisha vionyeshi vya mahali, huwaeleza wanafunzi tofauti ya hapa, huku na humu. Huwaeleza pia kwamba maneno haya hayana maana kamili mpaka tujue nani ameyatamka na amesimama wapi. Mtu akipiga simu akasema "niko hapa", jibu la kwanza atakalopata ni "hapa wapi?" Anayesikiliza hayupo alipo msemaji. Ikiwa wote wawili wamo katika chumba kimoja, hakuna anayeuliza.

Katika kompyuta za mwanzo zilizokaliwa na mtu mmoja, programu haikuwa na haja ya kuuliza. Skrini ilikuwa moja, kibodi ilikuwa moja, na vyote vilikuwa vimeunganishwa na kompyuta ile ile iliyoendesha programu. "Hapa" ya mtumiaji na "hapa" ya programu zilikuwa mahali pamoja. Tatizo lilizaliwa pale kompyuta zilipounganishwa kwa mtandao, na kazi ikaanza kufanyika mahali pamoja huku matokeo yake yakitazamwa mahali pengine.

Usuli: MIT na herufi tusiyokuwa nayo

Mwezi Mei mwaka 1983 chuo cha MIT nchini Marekani kilianzisha mradi ulioitwa Athena, kwa ushirikiano na kampuni za DEC na IBM. Lengo lilikuwa kuzieneza kompyuta katika chuo kizima na kuziunganisha, ili mwanafunzi aweze kuketi mbele ya yoyote kati yake na kuipata kazi yake. Ugumu ulikuwa dhahiri. Mashine za DEC na za IBM hazikufanana. Programu iliyoandikwa kuchora kwenye skrini ya mashine moja isingeweza kuchora kwenye skrini ya nyingine.

Wakati huo huo Bob Scheifler, aliyekuwa katika maabara ya sayansi ya kompyuta ya chuo hicho hicho, alihitaji njia ya kutazama programu zinazoendeshwa katika kompyuta kadhaa kwa pamoja. Alishirikiana na Jim Gettys, mhandisi wa DEC aliyekuwa katika mradi wa Athena. Walianza na mfumo wa madirisha uliotoka Chuo Kikuu cha Stanford ulioitwa W. Mfumo huo ulikuwa mzito, kwa sababu kila ombi lililotumwa kwenye skrini lilisubiri jibu kabla ya ombi linalofuata kutumwa. Scheifler aliubadili ili maombi yaweze kutumwa kwa mfululizo bila kungoja. Mwezi Juni 1984 alitangaza mfumo mpya. Kwa kuwa ulifuata baada ya W, aliuita X, kwa mpangilio wa alfabeti ya Kiingereza. Wasomaji watakumbuka kwamba hiyo ni herufi ambayo alfabeti ya Kiswahili sanifu haina.

Matoleo yalifuatana haraka. Toleo la 11 lilitoka mwezi Septemba 1987, na ndilo ambalo hadi leo linajulikana kwa jina la X11. Kwa zaidi ya miaka 20 lilikuwa msingi wa madirisha katika karibu kompyuta zote za Unix na, baadaye, za Linux.

Seva ni nani, mteja ni nani?

Kabla ya kuendelea ni lazima tuondoe utata wa istilahi unaowasumbua wanafunzi wengi. Katika madaftari yao tunasoma kwamba seva ni kompyuta kubwa inayozihudumia kompyuta ndogo. Fasili hiyo inafaa mara nyingi, lakini katika mfumo wa X inapotosha kabisa. Katika X, seva ni ile programu iliyo mbele yako, katika kompyuta uliyoikalia, hata kama kompyuta hiyo ni ndogo na kuukuu. Programu ya kuandikia inayoendeshwa katika kompyuta kubwa ya chumba cha pili ndiyo mteja.

Sababu yake ni hii. Seva ni yule mwenye kitu ambacho wengine wanakihitaji. Katika mfumo huu kinachohitajiwa ni skrini, kibodi na kipanya. Aliye navyo ndiye mwenyeji. Programu zote, ziwe katika kompyuta hiyo hiyo au katika kompyuta iliyo bara jingine, ni wageni wanaokuja kuomba: nichoree dirisha hapa, niandikie herufi pale, nijulishe mtu akibonyeza. Tukiifasili seva kwa ukubwa wa mashine, tutashindwa kueleza mfumo huu. Tukiifasili kwa kazi anayofanya, hatutashindwa.

Anwani inayorithiwa

Sasa tunarudi kwenye swali letu. Mgeni anajuaje nyumba ya kubisha hodi?

Waandishi wa X walitumia chombo kilichokuwapo tayari. Tangu toleo la saba la Unix la mwaka 1979, kila programu ilipewa orodha fupi ya majina na thamani zake, na orodha hiyo iliitwa mazingira. Programu inapozaa programu nyingine, mtoto hurithi nakala ya mazingira ya mzazi wake. Katika orodha hiyo X iliongeza jina moja, DISPLAY, na thamani yake ni anwani ya skrini.

Anwani yenyewe ni fupi. Mfano ni kompyuta7:0.0. Kilicho kabla ya nukta mbili ni jina la kompyuta. Namba inayofuata hutaja seti ya vifaa katika kompyuta hiyo, yaani skrini pamoja na kibodi na kipanya chake, kwa kuwa kompyuta moja yaweza kuwa na seti kadhaa. Namba ya mwisho hutaja skrini ipi katika seti hiyo. Kuhesabu huanzia sifuri. Namba ya seti ndiyo pia inayoonyesha mlango wa mtandao wa kupitia: seti ya sifuri hupokea wageni katika mlango namba 6000, seti ya kwanza katika 6001, na kadhalika.

Jina la kompyuta laweza kuachwa, anwani ikabaki :0 tu. Maana yake ni "kompyuta hii hii", yaani "hapa". Na hapo ndipo panapoanza matatizo. Mtumiaji anapofungua programu katika kompyuta yake mwenyewe, :0 inatosha, kwani msemaji na msikilizaji wako chumba kimoja. Lakini akiipeleka anwani hiyo hiyo kwa programu iliyo katika kompyuta kubwa, programu itaisoma :0 kwa maana ya "hapa nilipo mimi", itatafuta skrini ya kompyuta kubwa, na pengine huko hakuna skrini hata moja. Ni sawa na yule wa kwenye simu anayesema "nileteeni hapa" akaikata.

Isitoshe, urithi wa mazingira hukoma kwenye mpaka wa kompyuta. Mzazi aliye katika kompyuta namba 4 hawezi kumrithisha moja kwa moja mtoto anayezaliwa katika kompyuta ya chumba cha pili. Kwa hiyo katika miaka ya mwanzo mtumiaji alilazimika kuingia katika kompyuta ya mbali na kuiandika anwani kwa mkono wake. Kazi hiyo ndiyo iliyoelezwa katika karatasi ya ukutani, na ndiyo tuliyoikosea.

Kuna programu zilizojifunza kuishi na hali zote mbili. Emacs, kwa mfano, ikikuta DISPLAY ina thamani, hufungua dirisha. Isipoikuta, hujifungua kwa maandishi matupu katika skrini ya amri, na kazi inaendelea. Programu nyingi nyingine hazina subira hiyo. Zisipoipata skrini husema haziwezi kuifungua, kisha hufa.

Hodi na karibu

Anwani inamfikisha mgeni mlangoni tu. Mengine yote kuhusu mahali alipofika huyajua baada ya kubisha hodi.

Salamu ya kwanza ya programu ni baiti moja tu, nayo ni herufi. Herufi hiyo huieleza seva namna programu inavyopanga namba. Kompyuta za VAX za DEC zilianza na sehemu ndogo ya namba. Nyingi za kampuni ya Sun, za wakati huo, zilianza na sehemu kubwa. Jambo hili si geni kwetu. Mswahili husema "ishirini na tatu", kubwa kwanza, na Mwarabu husema "tatu na ishirini". Programu ikituma herufi B, maana yake ni kubwa kwanza. Ikituma l, ni ndogo kwanza. Tangu hapo ni juu ya seva kugeuza. Ndiyo kusema mwenyeji ndiye anayejifunza usemi wa mgeni, na kwa njia hiyo mashine za aina mbalimbali ziliweza kuelewana.

Seva ikikubali, hujibu kwa kumweleza mgeni hali ya nyumba: nani aliyeitengeneza seva hiyo, kuna skrini ngapi, kila moja ina upana na urefu wa pikseli ngapi na wa milimita ngapi, inaonyesha rangi kwa kina gani. Kwa maelezo hayo programu iliyo mbali hupanga madirisha yake. Haikuwa na haja ya kujua chochote kuhusu skrini hiyo kabla ya kufika.

Nani aambiwe karibu?

Seva yaweza pia kukataa. Mwanzoni uamuzi ulitegemea orodha ya kompyuta zinazoaminiwa. Kasoro yake ni kwamba aliyeaminiwa ni kompyuta, si mtu. Yeyote aliyekuwa na akaunti katika kompyuta hiyo aliruhusiwa kuingia. Kulikuwa hata na amri moja fupi ya kumfungulia kila mtu mlango, nayo ilipendwa mno na mafundi waliochoka kuulizwa maswali. Katika maabara yetu mlango uliachwa wazi hivyo. Ndiyo maana skrini ya kompyuta namba 7 iliipokea kazi yetu bila kuuliza ni ya nani.

Hatari haikuwa ya kukosea njia tu. Katika X11 mgeni aliyekubaliwa aliweza kutazama madirisha ya wageni wengine na kusikiliza kila herufi iliyobonyezwa kwenye kibodi, pamoja na maneno ya siri. Ili kupunguza hatari hiyo, waandishi wa X waliongeza alama ya siri. Namba ya biti 128 isiyoweza kubahatishwa hutengenezwa na kuhifadhiwa katika faili linalosomwa na mwenye akaunti pekee. Programu inayobisha hodi lazima iitaje namba hiyo. Namba hiyo iliitwa kuki ya ajabu, na jina hilo likabaki kuwa rasmi.

Lakini kuki hiyo ilisafiri mtandaoni bila kufichwa. Aliyeweza kuusikiliza mtandao aliweza kuidaka.

Handaki la Helsinki

Mwaka 1995 Tatu Ylönen, wa chuo kikuu cha teknolojia cha Helsinki nchini Ufini, alitoa programu ya SSH baada ya wezi kunasa maneno ya siri katika mtandao wa chuo hicho. SSH huficha mawasiliano yote kati ya kompyuta mbili. Pamoja na hayo, ililitatua tatizo la "hapa" kwa ujanja ambao tunaona unastahili kusimuliwa darasani.

Mtumiaji anapoingia kwa SSH katika kompyuta ya mbali na kuomba huduma hiyo, SSH hufungua mlango bandia kule kule mbali na kuweka DISPLAY iwe localhost:10.0. Neno la kwanza ni jina ambalo kila kompyuta hujiita yenyewe. Kwa hiyo programu huambiwa: skrini yako iko hapa hapa, seti ya kumi. Huanzia kumi ili isigongane na skrini za kweli ambazo huenda zikawapo. Programu hubisha hodi hapo kwa imani, nayo SSH huyachukua maneno yake, huyafunga, huyapitisha kama katika handaki mpaka kwenye kompyuta ya mtumiaji, na kuyafungua mbele ya seva ya kweli. Hata kuki inayopewa programu ni ya bandia, na SSH huibadilisha na ya kweli mwishoni mwa handaki, ili kuki ya kweli isitoke nyumbani.

Mtumiaji hakulazimika tena kuandika anwani kwa mkono. Kama maabara yetu ingetumia njia hii mwaka 2006, kosa letu lisingewezekana. Ujuzi ulikuwapo kwa miaka 11. Kilichokosekana ni mtu wa kuibandua karatasi ya zamani ukutani.

Mwenyeji na mgeni

Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 kulizuka swali jipya. Mradi wa KDE ulianzishwa mwaka 1996 na ule wa GNOME mwaka 1997. Kila mmoja ulileta meza nzima ya kazi, yenye menyu, vitufe na desturi zake. Sasa programu haikutaka kujua skrini iko wapi tu, bali pia imekaribishwa katika nyumba ya desturi zipi.

KDE ilitoa jibu lenye hekima. Jina moja, KDE_FULL_SESSION, iliweka mahali pawili. Kwanza iliweka katika mazingira yanayorithiwa. Pili iliweka kama alama kwenye dirisha mama la seva, lile linaloyabeba madirisha yote. Programu ikiikuta alama kwenye dirisha mama, hujua kwamba meza inayoonekana ni ya KDE, hata kama yenyewe inaendeshwa mbali na imefika kwa handaki. Ikiikuta pia katika mazingira yake, hujua zaidi ya hapo: kwamba imezaliwa katika nyumba hiyo, na kwamba vifaa vyote vya KDE viko karibu nayo. Ya kwanza humtambua mgeni, ya pili humtambua mzaliwa. Programu inayochanganya mambo hayo mawili itaagiza kifaa ambacho katika kompyuta inamoendeshwa hakimo.

Mwaka 2000 Havoc Pennington alianzisha freedesktop.org, ambapo miradi hii ilianza kukubaliana kanuni za pamoja. Miongoni mwa matunda yake ni jina XDG_CURRENT_DESKTOP, ambalo hutaja meza iliyopo bila kujali ni ya mradi gani.

Lugha nayo imo katika mfuko huo huo

Hapa panatuhusu moja kwa moja. Mazingira yanayobeba anwani ya skrini ndiyo pia yanayobeba lugha ya mtumiaji, kwa jina LANG. Thamani ya sw_TZ ni Kiswahili cha Tanzania, na sw_KE ni Kiswahili cha Kenya. Mwaka 2004 mradi uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Wengi wetu tulifurahi. Lakini anayetumia programu iliyo katika kompyuta ya mbali huenda akaona menyu za Kiingereza juu ya meza ya Kiswahili, akadhani tafsiri imeharibika. Haijaharibika. Dirisha limefika kwake, ila programu husoma lugha katika mazingira ya kule ilikozaliwa. Ama LANG haikuvushwa mpaka, ama ilivushwa na kule hakuna Kiswahili kilichosakiniwa. Mfasiri anayefanya kazi vizuri na kuacha jambo hili kwa mafundi anaweza kukuta kazi yake haionekani.

Maabara za shule zilizotumia kompyuta ndogo zisizo na diski, zinazoitegemea kompyuta moja kubwa, zilikutana na mambo haya yote. Mradi wa LTSP ulioanzishwa na Jim McQuillan mwaka 1999 ulirahisisha maabara za namna hiyo, na Namibia ni moja ya nchi za Afrika ambako shule ziliwekewa. Huko programu zote ziliendeshwa katika kompyuta kubwa, hivyo lugha ya darasa zima ilitegemea mashine ile moja.

Wayland: kurudi chumba kimoja

Mwaka 2008 Kristian Høgsberg alianza mfumo mpya wa madirisha, Wayland, na toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2012. Mfumo huo uliachana na kanuni ya msingi ya X. Programu na skrini sharti ziwe katika kompyuta moja. Jina jipya, WAYLAND_DISPLAY, halitaji kompyuta wala mlango wa mtandao. Hutaja soketi tu, iliyo katika folda ya mtumiaji mwenyewe. Programu moja haiwezi tena kusikiliza kibodi ya nyingine. Fedora iliufanya kuwa chaguo la kwanza katika toleo la 25 la mwaka 2016. Hata upande wa X, seva ya X.Org iliacha tangu mwaka 2015 kuufungua mlango wa 6000 yenyewe, mpaka iamriwe.

Je, kazi ya mbali imekwisha? La. Mwaka 2019 ilitoka programu ya Waypipe, inayopitisha madirisha ya Wayland katika handaki la SSH. Aidha, Xwayland huzipokea programu za zamani za X. Kwa sababu hiyo programu ya leo hukuta majina mawili ya skrini katika mazingira yake, la zamani na jipya, na hulazimika kuamua liwe lipi. Neno "hapa" halijaacha kuuliza swali lake.

Hitimisho

Katika makala haya tumeona kwamba programu haioni skrini. Huambiwa kwa mstari mmoja wa maandishi, iliourithi kwa mzazi, ulioandikwa na mtumiaji au uliowekwa na SSH. Mstari huo ukiwa na jina la mahali, huaminika popote. Ukiwa na kionyeshi kitupu, huaminika nyumbani tu. SSH ilifanikiwa kwa sababu ilikiacha kionyeshi kama kilivyo, ikajenga njia ya kukifanya kiwe kweli.

Kwa walimu wenzetu tunapendekeza zoezi dogo. Wapeni wanafunzi maelekezo ya maabara yoyote ya kompyuta chuoni kwenu, wapigie mstari kila "hapa", "hii" na "yako", kisha waeleze kila neno linasemwa na nani na linaonyesha wapi. Pawepo pia mfano, nao uandikwe waziwazi kwamba ni mfano.

Kuhusu mahojiano yetu, mwenzetu aliufunga waraka bila kusoma zaidi, nasi tunamshukuru. Jioni ile tuliyafungua mafaili yote na kuondoa majina ya wazee, tukaweka namba badala yake. Ufunguo wa namba tuliuandika kwa kalamu katika daftari ambalo halijawahi kuingizwa katika kompyuta yoyote. Wanafunzi wetu wa utafiti tunawataka wafanye hivyo kabla ya kuketi mbele ya skrini, na wanapouliza sababu, tunawasimulia habari ya kompyuta namba 7.